Uzoefu wangu: kulipia safari ya meli kwa pointi za Disney Vacation Club

Pointi za Disney Vacation Club (mpango wa Disney ambao unanunua mkataba na kupata pointi kila mwaka za kulipia malazi) nazipenda kwa kulala kwenye hoteli zake za Florida na California. Kwa meli za Disney Cruise Line sizishauri, ila kwa sababu moja nitakayoieleza. Wenye pointi wengi huiona safari kama ya bure kwa kuwa siku ya kuikata hawatoi hela nyingi, na wanasahau ada ya matunzo ya hoteli wanayolipa kila mwaka kwa kila pointi.

Kabla hujapiga simu kukata safari, tafuta bei taslimu ya kabini ileile, tarehe ileile. Toa kodi na tozo za bandari, kisha gawanya kwa idadi ya pointi unazotakiwa. Tuseme kabini yenye roshani ya watu wawili ni dola 3,200 na wanataka pointi 400: kila pointi imekununulia dola 8. Kama ada yako ya matunzo ni dola 8.50 kwa pointi, umetoa 3,400 kupata kitu cha 3,200, na bei ya kununulia mkataba wenyewe hatujaigusa! Pointi hizohizo ukimkodisha mtu kwa dola 17 kila moja, unapata 6,800. Lipia meli taslimu, na 3,600 zinabaki mkononi kabla ya kodi ya mapato.

Bakshishi za wahudumu, matembezi ya bandarini na nauli ya ndege utalipa vilevile.

Angalia pia mkataba wako ulitoka kwa nani. Ulionunuliwa kwa mwanachama mwingine kuanzia Machi 21, 2011 hauruhusu pointi zake kulipia meli kabisa, kwa hiyo anayenunua mkononi kwa ajili ya meli anapoteza hela yake.

Ninapokubali ni pale pointi zinapokaribia kufa na muda wa kuzihamishia mwaka unaofuata umepita. Muda huo ni miezi minane ya kwanza ya mwaka wako wa matumizi (miezi 12 inayoanza mwezi ulioandikwa kwenye mkataba wako), na zilizokwisha kuhamishwa mara moja hazihamishwi tena. Hapo ada imeshalipwa, na hata dola 6 kwa pointi ni bora kuliko kuziacha zipotee. Ila uliza mambo mawili kwanza, ujibiwe kwa maandishi: je, meli lazima ing'oe nanga kabla ya tarehe ya pointi kuisha? Na ukifuta safari, pointi zinarudi na masharti gani?