Meli za kutazama majani ya vuli: uliza kwanza saa za mchana

Kila Novemba ikiingia, malalamiko yananifikia yakiwa na sura ile ile. Safari hii yametoka kwa akina dada wa chama kimoja cha Lowell, Massachusetts. Ni wauguzi na watunza wazee waliochanga mwaka mzima, wakaomba likizo kwa pamoja (anayezijua zamu za hospitali za huku anajua kwamba hilo peke yake ni kazi), wakapanda meli kubwa New York kwenda kutazama miti ikiwa nyekundu, kama inavyokuwa huku msimu wa vuli kabla ya majani kudondoka. Chakula kilikuwa kizuri na muziki ulikuwepo. Majani waliyaona saa chache tu, kupitia dirisha la basi walilolilipia kando. Siku zilizobaki waliona bahari.

Kwa hiyo sitazungumzia chakula, bwawa wala maonyesho ya jukwaani. Kampuni zote kubwa zitakushibisha. Ninachouliza ni kitu kimoja ambacho wauzaji hawakisemi mpaka uwabane: meli hii itakuwa karibu na miti kwa saa ngapi za mchana?

Meli ya kitalii kwa kawaida hung'oa nanga jioni, husafiri usiku, na kukipambazuka iko bandari nyingine. Katikati ya Oktoba jua la Boston linatua karibu saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo muda si mrefu baada ya meli kuanza kutembea, giza linaingia. Tena pwani ya Maine na ya Nova Scotia, sehemu kubwa ya ukingo unaotazamana na bahari ni misonobari, na msonobari haubadiliki rangi. Miti ya mepo, ile ambayo jani lake liko kwenye bendera ya Kanada, inastawi zaidi ndani, kwenye vilima na mabonde ya mito. Siku zikifupika na usiku ukipoa, jani huacha kutengeneza kijani chake, na manjano iliyokuwa imefichika hujitokeza. Ule wekundu hutokana na sukari inayobaki ndani ya jani, na hukolea mchana ukiwa na jua na usiku ukiwa wa baridi isiyofikia kuganda. Bahari huipa pwani joto, rangi zikachelewa. Ukitaka majani, tafuta meli inayoingia mtoni.

Ndiyo maana nafasi ya kwanza naipa Holland America, safari ya upande mmoja kati ya Montreal, Kanada, na Boston, na sifichi kwamba naipenda kampuni hii kuliko nyingine zote kwenye njia hiyo. Meli zake kama Zaandam na Volendam hubeba abiria wapatao 1,400, ndogo kwa vipimo vya leo, na udogo huo ndio unaoziwezesha kupita chini ya daraja la Quebec. Majitu ya siku hizi hayapiti hapo kwa kuwa ni marefu mno kwenda juu, yanaishia mjini Quebec, na abiria wake wanaukosa Mto St. Lawrence pale unapokuwa mwembamba na kingo zake kukaribia. Pia meli hizi mbili zina sitaha ya matembezi inayozunguka meli nzima. Watu hudharau jambo hili, kisha wanalipa pesa nyingi kwa chumba chenye roshani inayoonyesha ukingo mmoja tu. Chukueni chumba cha ndani cha bei nafuu, mvae makoti mazito, mzunguke sitahani. Mtaona kingo zote mbili, na mtakuwa pamoja badala ya kila wawili kujifungia kwao.

Chagueni safari inayoanzia Montreal kushuka kusini mwanzoni mwa Oktoba. Rangi huanza kaskazini na kuteremka, kwa hiyo mtazikuta Quebec zikiwa zimekolea na kuelekea Boston mkiwa nazo. Ratiba ikiwa na Saguenay, ipeni alama ya juu: ni mkono wa maji wenye urefu wa kama kilomita 100, unaopita katikati ya majabali na misitu, na mdomoni pake, Tadoussac, kuna nyangumi. Lakini ulizeni meli inaingia na kutoka saa ngapi. Kupita Saguenay usiku ni hasara ambayo hakuna atakayewarudishia. Ulizeni vivyo hivyo kuhusu kipande cha Quebec hadi Montreal.

Bar Harbor, Maine, mlango wa Hifadhi ya Taifa ya Acadia, ina jambo lake. Novemba 2022 wapiga kura wa mji huo walipitisha kikomo cha watu 1,000 wanaoshuka kutoka melini kwa siku. Hata Zaandam ikijaa inazidi idadi hiyo. Msilipie safari kwa ajili ya Bar Harbor kabla ya kuthibitishiwa kwamba meli itasimama hapo.

Nafasi ya pili ni American Cruise Lines kwenye Mto Hudson, kutoka New York. Kwa kipimo changu cha saa za mchana ingeshika ya kwanza, kwa sababu meli haitoki mtoni kabisa. Unapita majabali ya Palisades, Bear Mountain, chuo cha kijeshi cha West Point, na Milima ya Catskill inaonekana upande wa magharibi. Nusu ya pili ya Oktoba ndiyo nzuri kwa sehemu ya chini ya mto. Kilichoishusha ni bei: nauli ya mtu mmoja ingelipia zaidi ya watu wawili kwenye meli kubwa.

Hata hivyo kuna kundi ambalo kwao hii ndiyo ya kwanza, nalo ni kundi ambalo makaratasi ya uhamiaji hayajalingana. Meli hizi zina bendera ya Marekani na haziingii Kanada. Mwenye grini kadi anaingia Kanada bila viza, mradi awe na kadi hiyo na pasipoti halali ya nchi yake. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania asiye na grini kadi atahitaji viza ya Kanada, na pia ruhusa ya kurudi Marekani. Anayesubiri kesi ya kuomba ukimbizi asivuke mpaka kabla ya kuzungumza na wakili. Kama rafiki mmoja yuko katika hali hiyo, nendeni Hudson wote.

Nafasi ya tatu, mbali nyuma, ni meli kubwa za kwenda na kurudi kutoka New York. Nyingi zina bendera za kigeni, na sheria ya Marekani ya mwaka 1886 inazilazimu kugusa bandari ya nje, kwa hiyo zinakimbilia Halifax au Saint John kupitia bahari wazi. Ni rahisi, na mtafurahi, lakini msiite safari ya majani.

Za bei ya chini kabisa ni za siku moja: Mount Washington kwenye Ziwa Winnipesaukee, New Hampshire, au Spirit of Ethan Allen kwenye Ziwa Champlain, Vermont. Zinatosha kwa wasio na likizo.

Sasa wauzaji. Nimechoka kuona vijitabu vya safari za bahari vikiwa na picha ya kijiji cha Vermont, kanisa jeupe kati ya miti myekundu. Vermont haina bahari! Mtu anaitazama picha, analipa, anapigwa changa la macho, kisha melini anauziwa ziara ya basi ili aone kile alichodhani ameshalipia. Mkiwa watano, chumba huuzwa kwa hesabu ya wawili, kwa hiyo mmoja wenu atatozwa karibu nauli mbili. Gawaneni ziada hiyo tangu mwanzo, asije akaibeba peke yake. Na kwenye kampuni kadhaa, mtu mzima mmoja chumbani akinunua kifurushi cha vinywaji, mwenzake naye hulazimika kununua, hata kama hanywi pombe.

Kinachonikera zaidi ni tarehe. Wakala mmoja aliwauzia akina dada wengine safari ya wiki ya kwanza ya Septemba kwa jina la rangi za vuli. Wiki hiyo miti ya huko karibu yote bado ni ya kijani, na anayeuza safari hizi kila mwaka analijua hilo vizuri.