Muuza vitabu aliyechana ushahidi

Kama unaagiza vitabu vya mtumba kutoka Dar, muulize muuzaji kama kurasa zote zipo. Usimuulize kama kitabu kiko vizuri, atakwambia kiko vizuri. Wangu aliniambia, "Kisafi kabisa mzee wangu, hakina hata doa," na kwa usafi hakudanganya. Alikisafisha kwa kuchana kurasa.

Jina la riwaya nalihifadhi, maana kitabu hakina kosa na mwandishi wake hajui kama Mtwara ipo. Ni zile riwaya za upelelezi ambazo chemshabongo, ile ya kujaza maneno kwenye visanduku, imo ndani ya hadithi, tena si pambo. Marehemu anakutwa mezani, mbele yake kuna mraba wa visanduku uliojazwa nusu, kalamu iko chini ya kiti. Msomaji unapewa mraba uleule na maswali yaleyale, ya kwenda kulia na ya kwenda chini, uhangaike nayo kabla mpelelezi hajafunua. Sisi tuliokulia kwa Bwana Msa, mpelelezi wa riwaya za Muhammed Said Abdulla, tumezoea kukaa pembeni tukimtazama anavyovuta kiko chake na kuwazua. Huku unaambiwa shika penseli, na wewe umo.

Sasa chukua riwaya ya namna hiyo, toa ule mraba, kisha niambie umebaki na nini mkononi.

Msimu wa korosho ukipita, sisi makarani wa ghala jioni zinakuwa ndefu. Maduka ya mjini hapa yanauza vitabu vya shule na madaftari, mengine ni bahati yako. Nikaagiza. Nikatuma hela kwa simu, mzigo ukapanda basi, nikaufuata stendi ya Mkanaledi kwa bodaboda, na palepale ofisini nikadaiwa hela ya mzigo ambayo tulikubaliana angeilipa yeye. Nimelipa. Nalisema mapema hili lisije likapotea katikati ya makubwa.

Sura za mwanzo zilinikamata. Mpelelezi ni mama mtu mzima, mkali, hana haraka, na majibu yake yananifurahisha. Ikafika mahali anasema: tazama namba 17 kulia, halafu utazame inapokutana na namba 9 chini. Nikarudi nyuma kutazama. Hakuna 17. Hakuna 9. Hakuna mraba. Kutoka ukurasa wa 42 unaangukia ukurasa wa 45.

Mimi kazi yangu ni karatasi. Stakabadhi moja ikikosekana kwenye faili la chama cha msingi, siku hiyo chakula hakipandi. Nikapitisha kidole kwenye mshono wa kitabu, nikaona kipande chembamba cha karatasi kimebaki, kimekatwa kwa rula, sawasawa, na mtu aliyetulia kabisa. Huyu hakuchana kwa hasira wala kwa bahati mbaya. Alikaa chini akafanya kazi.

Nikampigia, hakupokea. Nikaandika ujumbe. Baadaye akanitumia sauti, nyuma yake makondakta wanaita abiria: "Kaka, hadithi iko yote. Nimetoa tu vile visanduku, vilikuwa vimeandikwaandikwa na peni, wateja hawapendi kitabu kilichochafuliwa." Angalia hapo. Kabla sijalipa nilikuwa mzee wangu. Nimelipa, nimeshuka cheo. Nikamweleza kwa upole, na Mungu ananiona ule upole ulivyonigharimu, kwamba vile visanduku ndiyo hadithi. Akajibu: "Kwani wewe unasoma au unacheza?"

Unasoma au unacheza! Ndugu zangu, hayo matusi sikuyameza mpaka leo.

Mchezo huo una zaidi ya miaka 100. Arthur Wynne, mtu wa Liverpool aliyekuwa akifanya kazi Marekani, aliutoa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, ukiwa na umbo la almasi. Mwaka 1924 Simon & Schuster wa New York walipotoa kitabu cha kwanza cha chemshabongo, walikiuza kikiwa kimefungiwa penseli. Penseli kabisa! Walijua mnunuzi ataandika ndani, ndiyo kazi ya kitabu hicho. Wangu yeye anaona maandishi ni uchafu wa kukwanguliwa.

Na waandishi wa upelelezi waliuona utamu huo mapema. Dorothy Sayers, katika hadithi iliyomo kwenye mkusanyiko wake wa mwaka 1928, ana mjomba mtani anayemwachia mpwa wake chemshabongo ili auone wosia ulipo, na visanduku vyenyewe ni vigae vya bwawa ndani ya nyumba. Samahani kama nimekuharibia, lakini nami nimeharibiwa. Colin Dexter alikuwa fundi wa mafumbo ya magazetini, akampa mpelelezi wake jina la Morse kutoka kwa Jeremy Morse, mwenyekiti wa benki aliyekuwa mshindani wake kwenye mafumbo hayohayo. Parnell Hall, katika riwaya zake kuanzia mwaka 1999, ana mhusika, mama anayejulikana Marekani nzima kwa chemshabongo zake, kumbe hawezi kutatua hata moja. Anayezitunga kwa siri ni mpwa wake. Huyo mama ni mlevi, mwongo, mvutaji sigara, na bado angalau hachani.

Nikaamua kuujenga mraba mwenyewe. Chemshabongo za kila siku za magazeti ya Marekani kwa kawaida ni visanduku 15 kwa 15, na zina adabu moja: ukiupindua mraba kichwa chini, visanduku vyeusi vinaangukia palepale. Kwa hiyo ukijua weusi wa nusu ya juu, nusu ya chini umeshaipata. Kila yule mama mpelelezi wa kitabu changu alipotaja namba, naichora nyuma ya fomu kuukuu ya mapokezi ya korosho. Umeme ukakatika, nikaendelea kwa tochi ya simu. Mke wangu akauliza kama nadaiwa na mnada. (Nimejaribu siku nyingine kutunga ya Kiswahili. Maneno yetu karibu yote yanaishia na irabu, ukingo wa kulia wa mraba unajaa A na I mpaka unachoka. Anayezitunga vizuri nampigia saluti.)

Nilipokuwa nimepata kama robo, simu ikalia. Ni yeye, muuzaji. Kumbe ile karatasi hakuitupa, ilikuwa kwenye boksi. Ameipiga picha. "Hizo hapo bro. Usiseme sikukusaidia." Sasa nimekuwa bro.

Nikafungua picha bila kufikiri, mtu amekuletea haki yako utaiachaje? Mraba wote umejazwa, peni ya bluu, herufi kubwakubwa. Na vile visanduku vyenye kivuli, ambavyo ukivisoma kwa mpangilio vinakupa jina la muuaji, vimezungushiwa duara mara mbili ili hata kipofu asipitwe. Mimi nilikuwa bado nusu ya kitabu.

Jadi yetu unajua ilivyo. Ukishindwa kitendawili unaombwa mji, unautoa, ndipo unaambiwa jibu. Mimi nimenyang'anywa mji wangu mzima, na Mikindani juu yake, kabla sijategewa. Usiku ule nilimwandikia mtu yule maneno ambayo sitayarudia hapa kwa sababu watoto wanasoma. Nyota moja nilimpa, na hiyo ni kwa kuwa huwezi kuacha patupu.

Kitabu kikakaa juu ya kabati. Lakini picha nikawa nazo kwenye simu, na jicho la karani halitulii. Kona ya chini kulia ilinisumbua. Katika mraba wa Kimarekani kila herufi inahudumia maneno mawili, la kulia na la kwenda chini. Ukikosea moja, jirani yake lazima akuumbue. Na pale chini kulikuwa na neno la herufi tano ambalo si Kiingereza, si Kifaransa, si lugha ya mtu yeyote. Mwenye peni ya bluu, huko alikoishi kabla kitabu hakijaingia kwenye marobota, alikosea akajikaza akaendelea mbele.

Nikalifuta neno lake, nikajaza langu. Kisanduku kimoja chenye kivuli kikabadilika herufi. Jina likabadilika! Katika hadithi ile kuna watu wawili ambao majina yao yanaachana kwa herufi moja tu, na mwandishi aliwapa makusudi, mchawi yule. Bwana peni alimkamata asiye na hatia na duara zake mbili. Nikakishusha kitabu, nikasoma mpaka mwisho bila kula vizuri, na mama mkali akafika palepale nilipofika mimi, sura mbili nyuma yangu.

Sasa nifanyeje na hukumu? Kama muuzaji angeniuzia kitabu kizima, ningekuta mraba umeshajazwa, labda ningeufunika kwa kiganja, labda ningelaani tu. Kwa kuchana kwake nimepata fumbo la mwandishi na fumbo la mwenye peni juu yake. Nimeipandisha ile nyota moja ikawa tatu. Halafu nikakumbuka "unasoma au unacheza", nikairudisha ikawa mbili. Zibaki hapo hapo.

Nimeshaagiza kingine kwake, cha mwandishi huyohuyo, nimeandika kwa herufi kubwa: USICHANE CHOCHOTE, HATA KAMA KIMEMWAGIKIWA MCHUZI. Amejibu kwa kidole gumba na "sawa mzee wangu". Hela ya mzigo wa kwanza bado namdai.