Kuinua Pua ya Pikapu: Tazama Shafti Kabla ya Rimu

Malalamiko ninayoletewa yanafanana. Pikapu imeinuliwa mbele, imevishwa rimu mpya na matairi mapana, na baada ya muda mfupi buti (mfuko wa mpira unaofunika jointi na kushika grisi) ya jointi ya shafti ya mbele inapasuka na kutapika grisi ndani ya rimu. Fundi anaweka buti nyingine, nayo inapasuka. Muuzaji anasingizia barabara. Barabara haina kosa. Kosa ni la spesa, kile kipande cha chuma kilichobanwa juu ya shokapu.

Pikapu hutoka kiwandani mkia ukiwa juu kuliko pua, ili ikipakiwa mzigo ikae sawa. Kama unabeba mzigo mzito kila siku, acha pua ilivyo. Ukiiinua, siku ya mzigo gari litatazama mbinguni na taa zitawapofua wanaokuja mbele yako.

Wengine wote, kitu cha kukagua ni hiki ambacho wauzaji hawakitaji: gurudumu linashuka hadi wapi linaponing'inia. Hilux, Ranger na D-Max za miaka hii zina springi na shokapu pamoja mbele. Spesa ya juu inasukuma shokapu nzima chini. Yenye unene wa mm 25 huinua pua kama mm 40 hadi 50, kwa sababu shokapu imefungwa katikati ya mkono wa chini unaoshika gurudumu na si kwenye gurudumu lenyewe. Gurudumu likiingia shimoni linashuka kupita pale kiwanda kilipokusudia: jointi inapinda mno, mikunjo ya buti inasagana, mkono wa juu unafika kwenye springi. Mwambie fundi apige jeki magurudumu ya mbele yote mawili yaning'inie, akate usukani hadi mwisho kulia na kushoto, nawe uingie chini na tochi. Ukiona mikunjo ya buti imebanana upande mmoja, au kidole hakipiti kati ya mkono wa juu na springi, usilipie. (Land Cruiser 79 ina ekseli nzima mbele, kwa hiyo haimo kwenye mjadala huu.)

Kwangu mimi, kati ya seti za kuinulia, namba moja ni Old Man Emu ya ARB, kampuni ya Australia iliyoanza mwaka 1975, na sioni sababu ya kuficha mapenzi yangu. Springi na shokapu zao zimetengenezwa zikijuana, na springi unaichagua kwa uzito ulionao mbele. Hilo la uzito ndilo lililonivuta. Bampa la chuma na winchi ni makumi ya kilo juu ya pua. Ukiweka springi ya gari tupu, urefu wote ulioulipia unarudi chini. Amua vifaa kwanza, springi baadaye. Hata hapa, usiinue pua kupita mm 50.

Inafuata shokapu ya Bilstein 5100. Mwili wake una mifuo kadhaa. Pete inayobeba kikalio cha springi ikihamishwa kutoka mfuo mmoja kwenda mwingine, kikalio kinapanda, na springi ya kiwandani unaendelea nayo. Ni nzuri kwa gari lisilo na bampa zito.

Spesa ya juu ni rahisi kwa bei, na hapo sifa zake zimekwisha.

Kwenye rimu, msidanganywe na matundu sita. Hilux na Ranger zote ni 6x139.7, yaani matundu sita ya nati kwenye duara la mm 139.7, lakini tundu la katikati la Hilux ni mm 106.1 na la Ranger ni mm 93.1. Rimu ya Ranger haiingii kwenye Hilux. Ya Hilux kwenye Ranger inacheza bila pete ya kuziba. Na ukitoka tairi ya 265/65R17 kwenda 285/70R17, ambayo ni kubwa zaidi, spidi mita ikisoma 100 wewe uko karibu 107.

Kinachoniudhi zaidi ni maandishi ya kwenye boksi. Moja limeandikwa unene wa spesa, jingine limeandikwa kimo ambacho pua itapanda, na yote mawili yanauzwa kama "inchi mbili". Mnunuzi anadhani analinganisha vitu vya aina moja. Halafu alaimenti (kunyoosha magurudumu), ambayo ni lazima kila pua inapoinuliwa, haitajwi mpaka umeshalipa. Gari linatoka gereji usukani umepinda na matairi mapya yanaanza kuliwa upande. Bei ya kuinua pua bila alaimenti ndani yake ni bei ya nusu ya kazi, na muuzaji analijua hilo tangu unapoingia mlangoni.