August 7 Memorial Park Nairobi: ingieni, msipite tu kama mimi

Miaka yote nimepita hapo kona ya Haile Selassie na Moi Avenue nikikimbilia matatu, naona tu watu wamekaa kivulini saa za lunchi, sijawahi kuingia. Jumamosi iliyopita nikaingia na anti yangu pamoja na binti wa kaka yangu, yuko kidato cha pili, na mahali hapa napapa nyota tano bila kusita.

Kiingilio ni hela kidogo. Ndani kumetulia mpaka unasahau uko tao, kuna miti, mabenchi, halafu ule ukuta wa majina ya waliouawa bomu lilipolipua ubalozi wa Marekani uliokuwa hapo, Ijumaa tarehe 7 Agosti 1998. Nairobi peke yake walikufa watu 213, na asubuhi hiyo hiyo ubalozi wa Marekani Dar ukalipuliwa pia wakafa 11, Wamarekani kwa jumla walikuwa 12. Binti akapiga hesabu akaniuliza, "Anko, kama waliwataka Wamarekani mbona hapa ni kina Wanjiru na Otieno?"

Hapo ndio utajua kama unaelewa au umekariri. Nikamwambia turudi nyuma, mwaka 1990 Iraki ilivamia Kuwait, Marekani ikapeleka wanajeshi Saudia, Osama bin Laden ambaye alikuwa ametoka kupigana na Warusi Afghanistan akachukia majeshi ya kigeni kukaa kwenye nchi yenye Makka na Madina, na Februari 1998 akatangaza kwamba kuua Mmarekani popote, raia ama mwanajeshi, ni wajibu. Sisi tulikuwa mahali rahisi pa kuwafikia, ubalozi ulikuwa katikati ya mji umebanana na barabara, na watu wake walishakaa huku miaka, mmoja wao alikuwa na biashara ya samaki kule Mombasa. Ugomvi wa watu wengine kabisa ukaja kumalizikia kwa makarani na wauza magazeti. Na asikudanganye mtu eti hii ilikuwa vita ya Waislamu, Waislamu wako kwenye huo ukuta pia.

Sasa kuhusu anti. Ijumaa ile alikuwa kazini jengo la jirani, ghorofa ya tatu. Walinzi wa ubalozi walikataa kufungua geti la nyuma, washambuliaji wakarusha guruneti, watu maofisini wakasikia mlio wakakimbilia dirishani kuona kuna nini, na sekunde chache baadaye bomu lenyewe likalipuka. Ndio maana Nairobi ina watu wengi waliopofuka siku moja, walikuwa wamesimama nyuso kwenye vioo. Anti alibaki na jicho moja linaloona mwanga tu. Alikuwa ameshika kikombe cha chai, anasema mkono wa kikombe haukupata hata mkwaruzo.

Msikose upande wa maonyesho na filamu, lakini kama una mtu aliyekuwepo muulize kwanza kama ataweza, anti alikaa nje nasi tukaingia kwa zamu ili asibaki peke yake.

Kitu kimoja kinaniuma na si kosa la hii park. Siku 13 baadaye Marekani ikarusha makombora Afghanistan na kwenye kiwanda cha dawa Khartoum, ubalozi ukahamia Gigiri na uzio mkubwa, na mwaka 2020 Sudan, ambako bin Laden aliwahi kukaa, ikakubali kutoa fidia ya dola milioni 335 kwa mashambulizi haya na mengine, lakini Wakenya waliokuwa wanapita njia tu ama wako ofisi za jirani wakaachwa nje. Anti amejinunulia dawa za macho tangu 1998.

Kabla hatujatoka akaniambia, "Hebu nisomee, mwanangu." Nikaanza juu kabisa ya ukuta, jina moja moja, binti akanipokea sauti iliponikauka, kwa majina matatu anti akasema ngoja, huyo tulikuwa tunakula naye. Tulifika nusu mvua ikaanza. Amesema tutarudi tumalizie, tumepanga asubuhi ya siku ya kazi kabla watu wa lunchi hawajajaa.