Hema ya juu ya motokari toka Lubumbashi mpaka baharini: uzoefu wangu

Nianze na jibu sababu najua bengine hamutafika mwisho: kama munapanga kwenda baharini na familia kwa motokari na kulala mu hema, basi hema ya juu ya motokari ni kintu cha njia, haiko kintu cha bahari. Mu njia iko muzuri sana, sitadanganya. Lakini ukifika tu ku muchanga inaanza kukutesa, na ile sehemu benye kukodisha habaisemi.

Shiye ni familia ya hapa Lubumbashi, tulienda mu vakansi kubwa, miye, bibi yangu, batoto, na mulamu wangu kijana mwenye alikuwa analala ndani ya motokari. Hema tulikodi kwa bwana moja wa hapa mjini (jina simutaji, mutaelewa sababu kule chini), dola 25 ku siku, garanti dola 200, na mu ile bei kulikuwa meza, biti, reshu ya gazi, glasieri na ngazi. Anafunga hema juu ya motokari yako mwenyewe, anakuonyesha namna ya kufungua na kukunja, kisha unaenda. Kazi ya kufunga aliifanya muzuri, pale nampa haki yake, zaidi ya kilometa 2,000 mpaka bahari na hakuna bulo hata moja yenye ililegea.

Njia sasa. Ku Kasumbalesa ile foleni ya makamyo ya kuivre isiwaogopeshe, wenye motokari ndogo hamufwate ile foleni. Kintu cha kuangalia ni ukisha kuvuka: shiye tunatembeza mukono wa kuume, Zambia na Tanzania bote banatembeza kushoto, na kama usukani wako iko kushoto kama wangu, kupita kamyo ni kazi ya batu babili. Wewe hauoni kitu, mwenye kukaa pembeni yako njo anaona. Mulamu alikuwa anachungulia anasema "bado, bado, bado... enda!" na pale "bado" ya tatu mama ya batoto alikuwa anafunga macho.

Toka Kapiri Mposhi unashika ile barabara ya kaskazini, unatembea siku nzima na reli ya TAZARA iko inakuja inaenda pembeni, ile yenye Wachina walijenga mu miaka ya 70 kutoka Dar, kilometa 1,860. Mashimo iko, hasa kule mbele ya kufika Nakonde, ku mupaka wa Zambia na Tanzania, makamyo imeharibu kabisa, musitembee usiku. Na hapa njo hema ya juu inaonyesha akili yake. Jua linaanza kushuka, unaona nyumba ya wageni yenye kiwanja na ukuta, unaongea na mwenye pale unalipa kidogo, unafungua kamba mbili, unavuta ngazi, hema imesimama mbele maji ya chai haijachemka. Matela iko ndani tayari. Hakuna kutafuta fasi yenye haina mawe, hakuna nge, hakuna kulala na maji kama mvua imepita. Batoto walipenda ile ngazi kuliko kintu kingine chote cha safari.

Makaratasi: kwa Tanzania ile karti ya chanjo ya homa ya manjano banaiangalia kweli, sababu sisi tunatoka Kongo, na motokari inaomba asiransi ya COMESA, ile ya kuvuka mipaka. Zote mbili batu banaziita karti ya njano, basi uliza afisa anataka gani mbele ya kumwaga saki yote ku meza yake. Tena Tanzania ilikataza mifuko ya plastiki toka 2019, na munajua kwetu chumvi iko mu sashe, sukari mu sashe, mafuta mu sashe, hamisheni bintu bote mu mabokali na mabido mukiwa bado nyumbani. Na ile tabia yetu ya kulipa kila kintu kwa dola iishie Tunduma, mupaka upande wa Tanzania, toka 2025 banakataza bei na malipo ya feza ya kigeni, unachanja shilingi unalipa shilingi. Saa nayo inaruka, ukivuka mupaka ongeza saa moja.

Ku Iringa tulilala baridi ya kweli, mwezi wa saba kule juu ku milima ni blanketi mbili na soksi. Kisha Mikumi barabara kubwa inapita katikati ya pori kilometa 50, unaona twiga na tembo bila kulipa hata shilingi, paka uende pole, polisi na vibao bya faini ya kugonga nyama ya pori biko pale. Na kwa ujumla mu vijiji bya Tanzania ni kilometa 50 ku saa, sio 55, banajificha nyuma ya muembe na ile mashine yao.

Haya, bahari.

Kigamboni tulikaa kidogo tu, ni karibu sana na Dar, wikendi muziki mpaka asubuhi, kama unataka kulala usiende wikendi. Bagamoyo tulipenda. Fasi ya kambi ilikuwa ya kawaida, lakini muji wenyewe! Kuna ile nyumba ya zamani yenye misafara ilikuwa inafikia, caravanserai, leo ni makumbusho, na mutu wa Katanga akisimama pale anasikia kintu, sababu pembe na kuivre ya kwetu ilikuwa inashuka kwa miguu mpaka ku pwani hii, wakati mwami Msiri alikuwa anatawala kule Bunkeya, na Msiri baba yake mwenyewe alikuwa munyamwezi mwenye kufanya biashara ya kuivre. Bale balitembea miezi na miezi na muzigo ku kichwa, shiye tunalalamika juu ya mashimo ya Nakonde. Magofu ya Kaole iko karibu, muende asubuhi, saa sita jua ni kali.

Lakini fasi yenye ilitushika ni kusini ya Pangani, ku Ushongo. Kutoka Bagamoyo tulipita Msata, Segera, Muheza, kisha vumbi mpaka Pangani muji, unapanda pantoni unavuka muto, halafu tena vumbi. Muchanga mweupe, minazi, batu kidogo. Makambi iko kadhaa kando kando, unalipa kwa kichwa, sio kwa hema, kwetu ilikuwa kama shilingi elfu 20 mutu mukubwa na batoto nusu. Dushi maji yake ina chumvi kidogo, kunywa ununue. Muzamu wa usiku iko. Tumbili nao biko, na bile bijinga binajua kufungua glasieri, bilichukua mikate yetu bikaacha karoti.

Na hapa njo malalamiko yangu.

Kwanza, kambi karibu zote hazikubali motokari ifike mbele ku miti karibu na maji, na bana haki, muchanga ni laini utazama. Motokari inabaki nyuma, karibu na jiko na choo. Sasa hema yako iko wapi? Iko juu ya motokari. Batu benye bana hema za kawaida za shilingi kidogo bamejenga mbele, wanaamka wanaona bahari, shiye benye tumelipa dola 25 ku siku tunaamka tunaona ndoo za jiko. Bibi yangu siku ya kwanza hakusema kitu, siku ya pili akasema.

Pili, kitanda na motokari ni kintu kimoja. Mu njia haisumbui sababu kila asubuhi unaondoka tu. Pwani unakaa fasi moja, lakini unataka kwenda Pangani kununua unga, nyanya, makala, dawa ya mutoto, kila mara lazima ukunje kitanda chote, utoe mashuka, ufunge kamba, uende, urudi, ufungue tena. Mwisho tulikuwa tunalipa bodaboda na kumutuma mulamu.

Tatu, upepo. Mwezi wa saba na wa nane ni kusi, inapuliza toka kusini mashariki siku nzima na usiku haichoki sana. Hema ya chini iko nyuma ya kichaka, ya juu iko mita mbili hewani inapigapiga kama bendera ya komini, na motokari nayo inayumba kila mutu akigeuka.

Nne, chumvi. Hii bamoja habajui kabisa. Zipu ya mulango ilianza kukwama, ukivuta inaacha meno nyuma wazi, imbu banaingia. Muzee moja muvuvi wa pale, tulikuwa tunamwita babu, aliangalia akaomba maji ya kunywa kidogo na mushumaa. Akaosha meno ya zipu polepole na kitambaa, akangoja ikauke, akasugua mushumaa juu na chini pande zote mbili, akavuta mara moja, ikaenda yote. Tangu pale ilikuwa kazi ya batoto kila jioni. Kwa bawaba za ngazi mushumaa haukusaidia, zilianza kutoa kutu nyekundu, na kumbukeni hapo, nitarudi.

Sasa musifikiri tuliteseka. Pwani yenyewe ni ya ajabu kwa mutu mwenye kukulia mbali na bahari. Maji kupanda na kushuka njo ilitushangaza zaidi, asubuhi unaogea karibu na minazi, saa sita bahari imekimbia mbali, mama za pale banatembea ndani na bitunga banatafuta pweza. Tofauti inapita mita 3 wakati wa bamvua, yaani mwezi ukiwa mupevu ao mupya, na kila siku saa inachelewa karibu dakika 50, kwa hiyo usiweke saa ya kuogea batoto kwa mazoea, uliza bavuvi. Na muvae biatu mu maji, ile miiba ya bahari ikikuingia ku kisigino vakansi imeisha.

Kwa mashua mutu anaenda ku Maziwe, fungu la muchanga katikati ya bahari, ni hifadhi, kuna ada unalipa. Babu alisema zamani kilikuwa kisiwa na miti, leo hakuna hata muti moja na maji ikijaa sana kinafunikwa chote, ndiyo maana mayai ya kasa benye kutaga pale yanahamishwa mpaka Ushongo. Unaondoka wakati maji inashuka, unapata saa chache, unarudi. Weka kintu cha kufunika mabega, kule hakuna kivuli hata cha kidole.

Na samaki jamani. Shiye tumezoea makayabu na tomson ya friji, pale munangoja ngalawa zirudi, unachagua changu ao kolekole ikiwa bado inaruka, unasongwa kidogo na madalali, unalipa, unachoma. Reshu ya gazi ya yule bwana kwa upepo ule ilikuwa bure kabisa, moto unazima kila dakika, tulipika na makala mu shimo la muchanga. Bukari na changu wa kuchoma na pilipili ya kwetu yenye bibi alibeba, muzamu alikula na shiye, kesho yake akaleta madafu. Akatuambia tena tusilale chini ya munazi wenye nazi, na usiku moja tulisikia moja ikianguka, puu, tukaelewa.

Nikipima: hema ya juu nampa nyota 4 kwa njia na 2 kwa pwani. Kama mutafanya safari yenye kulala fasi mpya kila siku, chukueni. Kama munaenda kukaa Pangani ao Bagamoyo wiki nzima, lalani mu nyumba za wageni mu njia, zipo na si ghali, na mubebe hema ya chini ya kawaida, kubwa, yenye neti muzuri na misumari mirefu ya muchanga, ile mifupi inatoka. Ao mukodi banda ya makuti pale pale, kwa familia ya batu batano tofauti ya bei haikuwa kubwa vile, tungejilaza na upepo wa bure. Mwezi wa tatu mpaka wa tano ni masika, hapo achaneni na hema kabisa.

Tuliporudi, yule bwana akaangalia zile bawaba za ngazi, akasema kutu ni yetu, akakata dola 60 ku garanti. Nilimuuliza kama aliwahi kuambia mukliya yeyote kuosha ngazi na maji tamu kila siku, akasema "kila mutu anajua". Ku karatasi yenye tulisaini hakuna neno hata moja ya chumvi wala bahari, na alijua toka siku ya kwanza tunaenda wapi. Tuligombana, mwisho akarudisha 30. Basi wenye kukodi andikisheni hiyo mbele, na mupige picha za kila bawaba na kila zipu mukiwa bado ku parseli yake.

Mwaka kesho tunarudi Ushongo na hema ya chini. Kama kuna mutu hapa Lubumbashi mwenye kuuza ya batu sita, hata ya mukono wa pili, aniandikie bei, lakini zipu nitaijaribu miye mwenyewe.