Kikagua tahajia cha LibreOffice Writer: kinakijua Kiswahili?

Karibuni tena, ndugu zangu. Leo ni Writer, programu ya kuandikia ya LibreOffice, inayopatikana bure, na nachambua kitu kimoja tu: kikagua tahajia chake kwa Kiswahili. Nakitumia kila siku stesheneri, kwenye barua, risala na kumbukumbu za vikao.

Tazameni kioo changu. Aya nzima imepigiwa mistari myekundu! Hapo wengi hukata tamaa wakakizima. Kumbe programu inadhani unaandika Kiingereza. Shuka chini kabisa ya dirisha, bofya jina la lugha, kisha chagua Kiswahili. Kwenye orodha ndefu ya lugha utaona alama ya tiki pembeni. Hiyo ndiyo inayokuonyesha kwamba kamusi ipo. Usipoiona, rudia kusakinisha na uiteue kamusi ya Kiswahili.

Haya, wekundu umepungua. "Habali" imenaswa. "Kiswahiri" imenaswa. Bofya neno kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua neno sahihi, basi.

Sasa vitenzi, na hapa naomba utulivu kidogo. Injini inayofanya kazi chini yake inaitwa Hunspell. Aliyeitengeneza ni László Németh, kwa ajili ya Kihungaria, lugha inayobandika viambishi vingi nyuma ya neno. Kwa kawaida Hunspell huvua viambishi viwili nyuma na kimoja tu mbele. Sisi mzigo wetu tunaubeba mbele! Chukua "hatutakupigia": ha, tu, ta, ku, vyote vimetangulia mzizi. Mtunga kamusi hana budi kuvifunga viambishi hivyo pamoja au kuorodhesha neno zima. Kwa hiyo kitenzi kirefu kikipigiwa mstari, usikimbilie kukibadilisha. Kisome upya silabi kwa silabi. Kikiwa sawa, kiongeze kwenye kamusi yako. Majina ya watu na mitaa nayo yaongeze, ila uhakikishe kwanza, maana kosa ukiliingiza humo halitapigiwa mstari tena.

Kinachoniumiza ni makosa yanayopita kimya. Niliwahi kuchapa barua ya posa. Palipotakiwa "mahari" nikaandika "mahali", na mstari mwekundu haukutokea, kwa sababu yote mawili ni maneno halali. Mzee mwenye barua ndiye aliyeliona, karatasi ikiwa tayari mkononi. Niliona aibu kubwa, maana barua ile ilikuwa inakwenda kwa wakwe. "Kura" na "kula" ni hivyo hivyo. Halafu kuna hili la kutenganisha: "ana kuja". "Ana" ni neno, "kuja" ni neno, kikagua kinaridhika. "Viti imevunjika" nayo inapita, kwani upatanisho wa ngeli si kazi yake.

Je, nakipendekeza? Ndiyo, kwa moyo wote, hasa kwa anayechapia watu kwa malipo. Herufi zilizoruka na vidole vilivyoteleza kinavikamata vizuri kuliko macho yaliyochoka saa kumi na moja jioni. Mimi nikiwa kwenye rasimu huzima mistari kwa Shift na F7, ili mawazo yasikatike. Nikimaliza nabonyeza F7 pekee, napitia neno kwa neno, kisha namsomea mteja barua yake kwa sauti kabla sijaiprinti.