Friji la R600a: neno la fundi baada ya miezi 14

Fundi akiitwa kwenye friji haangalii mlango wala rangi. Anazunguka nyuma kusoma kibandiko. Hili langu kimeandikwa: lita 215, R600a (ndiyo gesi inayotengeneza baridi), gramu 52. Nilirudia kusoma. Gramu 52 ni kama viberiti 10 vya gesi ukivimimina pamoja, na wala sitii chumvi, kwa sababu R600a ni isobutani, ndugu wa damu wa gesi iliyomo kwenye kiberiti. Friji la ukubwa huu la R134a, gesi iliyoitangulia, lingetaka zaidi ya mara mbili ya hapo.

Nililinunua shingo upande. La zamani nilipewa na mteja aliyeshindwa kunilipa, friji la R12, gesi ya zamani zaidi, zito kama kabati la chuma, na lilikuwa bado linagandisha. Mimi ndiye niliyekuwa nikiwaambia watu kila siku kwamba vya zamani ndivyo vilivyotengenezwa. Mke wangu ndiye aliyeniuliza kwa nini fundi friji analipia umeme mwingi kuliko jirani mwenye saluni.

Basi nikapachika mita ndogo kwenye soketi. Siku 14 friji la zamani lilikula uniti 25. Nikalitoa, nikaweka hili jipya mahali palepale, vitu vilevile ndani, siku 14 nyingine: uniti 9. Nisimpe gesi sifa zote, lakini. Povu la ukutani ni nene zaidi, mpira wa mlango bado mpya, na kompresa ni ya inveta, haizimiki ikawaka kwa kishindo bali inapunguza mwendo. Usiku huisikii. Wiki ya kwanza niliamka mara mbili kuangalia kama limekufa.

Sasa niseme kwa nini nilikuwa mbishi. Nilianza kushika geji, kipimo cha mgandamizo wa gesi, mwaka 1997, wakati R12 inaondoka na R134a inaingia. Fundi aliyenifundisha alikuwa amekasirika kabisa. "Hawa wanaotunga sheria hawajawahi kufungua friji," alisema, "tutakula nini?" Tulikula vizuri tu. Miaka ile kazi zilifurika, maana kila mtu alitaka kubadilishiwa gesi, na haikuwa kumwaga hii na kujaza ile. Oili ya zamani haichanganyiki na R134a. Lazima usafishe mfumo, ubadilishe oili na filta draya inayonasa unyevu, na wakati mwingine kompresa yenyewe. Wengi wetu tulijifunza kwa kuunguza kompresa za watu. Waliotusamehe, Mungu awalipe.

Na R12 yenyewe iliingia sokoni kama mkombozi. Kabla yake mafriji yalitumia salfa dioksaidi na kloridi ya methili, vitu ambavyo vikivuja ndani ya nyumba vinaweza kuua mtu. Thomas Midgley, mvumbuzi wa Marekani, na wenzake walipoitoa gesi isiyowaka wala kunuka, mwishoni mwa miaka ya 1920, kila mtu alipumua. Mwaka 1974 wanakemia Mario Molina na Sherwood Rowland wakaonyesha kwamba gesi za jamii hiyo zikifika juu angani zinakula ozoni, tabaka linalotukinga na miale mikali ya jua. Watengenezaji wakabisha kwamba ushahidi hautoshi na uchumi utaumia. Mwaka 1985 tundu likaonekana juu ya Antaktika, na Septemba 1987 Itifaki ya Montreal, mkataba wa nchi wa kuziondoa gesi hizo, ikasainiwa. Mwaka uliofuata DuPont, mtengenezaji mkubwa kuliko wote, akatangaza kwamba ataacha kuzitengeneza. Kampuni zilezile zilizolia ndizo zilizotuuzia R134a. Hapo mwalimu wangu alikosea hesabu: sheria ilifunga gesi, haikufunga baridi. Watu waliendelea kutaka maji baridi, na aliyekuwa nayo aliuza.

Kilichonivutia kwenye itifaki ile ni jinsi ilivyopangwa. Gesi zilipunguzwa kwa hatua, nchi zinazoendelea zikapewa mpaka 2010 kuachana na jamii ya R12, na kukawa na mfuko wa kulipia viwanda vibadilishe mitambo na mafundi wafundishwe. Mimi mwenyewe nilipata siku 3 za mafunzo. Ukimwambia mtu "acha" bila kumpa muda wala njia, anakwenda kuifanya usiku.

R600a nayo ina kisa chake. Mwaka 1992, kiwanda cha mafriji cha Scharfenstein, iliyokuwa Ujerumani Mashariki, kilikuwa kinasubiri kufungwa. Greenpeace, shirika la kutetea mazingira, wakakiagiza kitengeneze mafriji 10 ya gesi za jamii ya propani na butani. Washindani wakubwa wakaonya kwamba ni hatari, yatalipuka. Oda zikaja kwa makumi ya maelfu, teknolojia ikaachwa bila hataza, yeyote aige, na haukupita muda hao waliokuwa wakionya wakaanza kuuza mafriji ya namna hiyohiyo. Kiwanda chenyewe, kwa jina jipya la Foron, kilifilisika mwaka 1996. Kisa hiki huwa kinasimuliwa bila sehemu hiyo ya mwisho.

Je, yanalipuka? Kwa matumizi ya nyumbani kiwango kimewekewa mpaka wa gramu 150, na swichi za ndani zimezibwa zisitoe cheche. Mimi nalala chumba cha pili yake bila wasiwasi. Hatari iko siku ya matengenezo, na hapa ndipo ninapopunguza nyota moja, ingawa kosa si la friji peke yake.

R134a unaweza kuijaza kwa mkono: unashika bomba la kurudi, unasikia ubaridi, unatazama geji, umemaliza. Hii ukizidisha gramu 5 umeharibu, kwa hiyo lazima mizani ya dijitali. Upande wa kuvuta, yaani wa bomba linalorudi kwenye kompresa, friji likifanya kazi geji inasoma chini ya sifuri, maana yake bomba likitoboka halitoi gesi nje, linavuta hewa na unyevu ndani, na sabuni yako ya kutafuta povu haikuonyeshi kitu. Moto wa kuchomelea hausogei mpaka umesafisha mfumo kwa naitrojeni na kufungua madirisha. Mizani, pampu nzuri ya vakyumu, mtungi wa naitrojeni, viungo vya kubana bila moto: hivyo vyote nilijinunulia. Kijana niliyemfundisha hana hata kimoja, na anaitwa kwenye mafriji haya kila wiki. Siku moja nilimkuta anajaza R134a kwenye friji la R600a kwa sababu ndiyo aliyokuwa nayo. Nilimnyang'anya geji.

Na hiyo R134a nayo inaondoka. Haigusi ozoni, ila kilo moja yake inapasha dunia kama kilo 1,400 hivi za hewa ukaa kwa miaka 100, ndiyo maana Kigali mwaka 2016 nchi zilikubaliana kuzipunguza gesi za jamii yake. R600a haifiki hata kilo 10. Kwa hiyo anayenunua leo nasema achukue hili. Atakayenunua la R134a kwa sababu limeshushwa bei atanitafuta baadaye.

Madogo madogo: droo ya mboga ni plastiki nyepesi, ilipasuka mwezi wa tatu wa matumizi. Taa iko juu tu, rafu ya chini giza. Kitabu cha maelekezo kina kurasa nyingi za kujitetea na moja ya namna ya kulisafisha. Ukilileta nyumbani likiwa limelazwa, lisimamishe uliache masaa kadhaa kabla ya kuliwasha, oili irudi kwenye kompresa.

Nyota 4 kati ya 5.

Friji la zamani nililifungua mwenyewe. R12 yake niliivuta kwa mashine ya kuazima, nikaifungia kwenye mtungi, nikauandika kwa chaki. Mpaka leo uko stoo nyuma ya ngazi. Nimeuliza sehemu tatu wanakopokea gesi kama hiyo, na zote tatu waliniambia nijaribu kwingine.